Faini ya bomba la mwisho: swali ambalo mwekezaji wa Tanga hana budi kuliuliza

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za mkonge, nazi na machungwa ya Muheza ili kuzungumzia bidhaa ambayo kila duka, kila hoteli na kila kiwanda cha Tanga hununua, lakini wachache huuliza inawafikiaje. Bidhaa hiyo ni maji.

Sababu ya kulizungumza jambo hili katika ukurasa wa soko ni ya wazi. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na baadaye mwaka huo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wengi wenye akiba ndogo walinunua. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ngamiani au Makorora aliweza kuwa mteja wa maji na wakati huo huo mdai wa mamlaka inayomuuzia maji hayo.

Tupige hesabu nyepesi. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni takriban shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka. Hiyo ni riba peke yake, kabla mtaji haujaanza kurudishwa. Fedha hizo hazitoki mbinguni, zinatoka kwenye bili. Bili hulipwa na mteja aliyepata maji, na mteja hupata maji ikiwa bomba lililopita mtaani kwake ni la kipenyo kinachotosha. Kwa hiyo usalama wa riba ya mwenye hatifungani unaanzia mezani kwa msanifu, siku anapochagua ukubwa wa mabomba. Hapo ndipo penye hesabu ambayo safu hii inataka wasomaji waielewe. Wahandisi huiita hesabu ya adhabu.

Tatizo lenyewe ni hili. Maji hutoka Bwawa la Mabayani katika Mto Zigi, husafishwa Mowe, kisha husambazwa. Bomba jembamba ni rahisi kununua na kulaza, lakini linakula msukumo wa maji njiani. Kwa kiasi kile kile cha maji, ukiongeza kipenyo cha bomba mara mbili, msukumo unaopotea kwa msuguano hupungua karibu mara 29. Msanifu basi anavutwa na mambo mawili. Mhasibu anamtaka apunguze gharama. Sharti la huduma linamtaka ahakikishe kwamba bomba la mwisho kabisa, lile la mtaa wa pembezoni au wa mwinuko, lina msukumo usiopungua kiwango fulani.

Mtu atasema: si basi wajaribu mipango yote, waitupe ile inayovunja sharti, na katika iliyobaki wachukue ya bei ndogo? Haiwezekani. Mwaka 1990 watafiti Fujiwara na Khang walichapisha mfano wa mtandao wa maji wa Hanoi, Vietnam, wenye mabomba 34 tu na vipenyo 6 vya kuchagua. Mipango inayowezekana katika mfano huo mdogo ni 6 ikizidishwa kwa yenyewe mara 34, yaani namba yenye tarakimu 27. Hakuna kompyuta itakayoimaliza kwa kuihesabu mmoja mmoja. Mji halisi una mabomba mengi kuliko hayo.

Dawa iliyopatikana ni ya kibiashara kuliko inavyodhaniwa. Badala ya kuiambia kompyuta "ni marufuku kuvunja sharti", msanifu anaiambia "ukivunja utatozwa". Anachukua gharama ya mabomba, anajumlisha faini kwa kila mita ya msukumo inayopungua, kisha anatafuta mpango wenye jumla ndogo kuliko yote. Mwanahisabati Richard Courant aliandika juu ya wazo hili mwaka 1943, na mwaka 1968 Fiacco na McCormick walilitolea kitabu kizima. Tangu hapo limetumika katika madaraja, ndege, mitambo ya umeme na mabomba.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kufundishia tu. Mtaa mmoja una mipango mitatu. Mpango wa kwanza unagharimu shilingi milioni 800, lakini bomba la mwisho linapungukiwa na mita 4 za msukumo. Wa pili unagharimu milioni 860, upungufu ni mita 1. Wa tatu unagharimu milioni 890 na haupungukiwi na chochote. Faini inatozwa kwa upungufu uliozidishwa kwa wenyewe: mita 4 zinahesabiwa 16, mita 1 inahesabiwa 1.

Msanifu akiweka faini ya milioni 2, mpango wa kwanza unakuwa milioni 832, wa pili 862, wa tatu 890. Anashinda wa kwanza, ule mbaya kuliko yote. Akiweka milioni 5, wa kwanza unapanda hadi 880, wa pili 865, wa tatu unabaki 890. Sasa anashinda wa pili. Akiweka milioni 40, wa kwanza ni 1,440, wa pili 900, na wa tatu, ambao haudaiwi kitu, unashinda kwa 890.

Ndugu msomaji, tazama vizuri kilichotokea. Mabomba hayakubadilika, wala bei za mabomba. Kompyuta haikukosea hata mara moja. Kilichobadilika ni faini, na faini aliiweka mtu. Anayesimama mbele ya kikao na kusema "kompyuta imeonyesha kwamba huu ndio mpango bora" amesema nusu ya habari. Nusu ya pili ni kiasi cha faini alichoiwekea.

Wafanyabiashara wa barabarani wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Tuseme, kwa mfano tu, kila tani ya ziada inamwingizia mwenye lori faida ya shilingi 60,000, na faini ni 50,000 kwa tani. Hapo faini imekuwa ushuru, naye atapakia, atalipa na atabaki na 10,000. Faini ikiwa 70,000 na gari linapimwa kila safari, ataacha. Lakini kama linapimwa safari moja kati ya tatu, faini ya 70,000 ni sawa na shilingi 23,000 na kidogo kwa safari, na anarudi kupakia. Ili aache, faini lazima ipite 180,000. Wahandisi wamethibitisha kanuni hiyo hiyo kwa hisabati zao: adhabu inayotozwa moja kwa moja kwa kila kipimo cha uvunjaji huleta utii kamili pale tu inapozidi faida ya kuvunja. Chini ya hapo haizuii kitu.

Umbo la faini nalo lina maana. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito. Ekseli ya tani 12 inaharibu barabara mara mbili ya ile ya tani 10, ingawa uzito umezidi kwa asilimia 20 tu. Faini inayopanda polepole wakati madhara yanapanda mbio inampa punguzo mharibifu mkubwa. Katika maji ni vivyo hivyo. Nyumba moja iliyopungukiwa na mita 6, kwa faini ya kuzidisha, inahesabiwa 36. Nyumba sita zilizopungukiwa na mita moja moja zinahesabiwa 6 tu kwa pamoja. Kwa faini ya kawaida hesabu hizo mbili zingekuwa sawa, na yule mmoja aliyekauka kabisa angefichwa ndani ya wastani wa mtaa.

Hapa ataibuka mwenye haraka aseme: wekeni faini kubwa sana tangu mwanzo, yaishe. Hilo nalo lina hasara yake. Mvuvi wa Pangani anajua kwamba maji yakijaa ngalawa inapita juu ya mwamba, na mtu anaweza kuzunguka kote akitafuta penye samaki. Maji yakipwa lazima afuate mkondo. Mwenye kuanza safari maji yakiwa yamekupwa kabisa atabaki pale pale alipo, hata kama nyuma ya mwamba kuna pazuri zaidi. Kompyuta iliyopewa faini kubwa tangu mwanzo hufanya hivyo hivyo: inang'ang'ania mpango wa kwanza ulio salama, wenye mabomba manene na ghali, na haithubutu kutafuta kwingine. Zaidi ya hayo, kwa njia nyingi za kukokotoa, faini kubwa mno huifanya hesabu iyumbe na kutoa majibu yasiyotegemeka. Kwa hiyo msanifu makini anaanza na faini ndogo, anaipandisha hatua kwa hatua, na kila hatua anaanzia pale ilipoishia ya nyuma.

Hatari ipo kwa anayeishia njiani. Faini ya namna ya kuzidisha kwa kawaida huacha kaupungufu kadogo, kwa sababu nusu mita ikizidishwa kwa yenyewe ni robo tu, na robo haimtishi mtu. Wanaojua huweka sharti kali kidogo kuliko linalotakiwa, au hulirekebisha jibu la mwisho kwa mkono kabla ya kuagiza mabomba. Wasiojua, au waliobanwa na bajeti, huchapisha jibu kama lilivyo, na upungufu wa kwenye karatasi unakuwa ndoo tupu saa kumi na mbili asubuhi.

Hatusemi kwamba kuna aliyefanya hivyo Tanga. Mradi uliolengwa na hatifungani, wa kupandisha uzalishaji hadi lita milioni 60 kwa siku, ni wa manufaa makubwa kwa mji ambao bandari yake imechimbwa kina kipya na ambao Chongoleani yake ndiyo mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Tunachosema ni kwamba lita zinazotoka Mowe si lita zilizouzwa. Kati ya hizo mbili kuna mtandao wa mabomba, na ndani ya usanifu wa mtandao wowote kuna faini ambayo mtu ameichagua, iwe ameiandika au hakuiandika.

Maoni yetu ni kwamba faini hiyo isiwe siri ya fundi. Mwenye hatifungani ana haki ya kuuliza mambo matatu, na mamlaka yoyote ya maji inayokopa kwa umma ingefanya vyema kuyajibu kabla haijaulizwa. La kwanza: sharti la msukumo wa chini lililotumika ni mita ngapi, na ni kwa saa za matumizi makubwa au kwa saa za usiku watu wamelala? La pili: faini iliwekwa kiasi gani, na mpango uliochaguliwa ungebadilika kama ingeongezwa mara mbili? Jibu likibadilika kwa urahisi, mpango umesimama ukingoni. La tatu: katika mpango wa mwisho ni mabomba mangapi yalibaki na upungufu, na yako mitaa gani?

Wengine watasema hayo ni ya wahandisi na mwekezaji aangalie riba yake. Sisi tunaona kinyume. Muuza duka anayekopesha haulizi tu mkopaji atalipa lini, anauliza pia biashara yake inaendaje. Mtaa uliokauka haulipi bili. Watu wake hununua kwa wachuuzi wa madumu, huchimba visima, na wakishazoea ni kazi kuwarudisha. Milioni 30 zilizookolewa kwa kuchagua mpango wa pili badala ya wa tatu zinaweza kumezwa na wateja waliopotea kwa miaka 10 ya hatifungani. Katika mfano wetu hiyo ndiyo faini halisi: haikuwekwa na msanifu, inatozwa na soko, na soko halianzi kwa kiwango kidogo.

Kwa mfanyabiashara mwenyewe lipo fundisho la kuchukua dukani. Kila sharti ulilonalo, iwe siku ya kurejesha mkopo, uzito wa mizani, au siku za kutoa kontena bandarini kabla tozo ya kuchelewa haijaanza, lina bei ya kuvunjwa. Iandike bei hiyo katika hesabu zako kabla mzigo haujaondoka, pamoja na uwezekano wa kukamatwa. Asiyeiandika anadhani ameokoa fedha, kumbe amekopa bila kujua riba.

Msimu ujao wa taarifa za mwaka utakapofika, wenye hatifungani wasiishie kwenye ukurasa wa faida na hasara. Waulize habari za bomba la mwisho.