Data ikivuja, mkopo unakwama baadaye

Data inapovuja, tusizungumzie faini za makampuni pekee. Kuvuja kwa data kwenyewe hakumnyimi mtu mkopo. Balaa huja baadaye: mwizi mwenye namba yako ya kitambulisho na ya simu anahamisha laini yako, anakopa kwa jina lako, halafu halipi. Hapa Kenya deni hilo hufikishwa CRB, yaani ofisi inayotunza rekodi za mikopo, nawe unalijua siku benki inapokukatalia mkopo wa karo. Afisa wa mikopo anaona mdaiwa sugu, haoni wizi. Inaniuma kwamba kazi ya kuthibitisha inamwangukia aliyeibiwa.

Ndugu zangu, mna haki ya kupata ripoti ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Ichukueni kabla ya kuomba mkopo. Mkikuta deni msilolijua, lipingeni kwa maandishi, mripoti polisi na kuhifadhi nakala. Kwa upande wa makampuni, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale uvujaji unapoweza kuwadhuru wenye data. Lakini hilo halimsaidii aliyekwisha kukataliwa mkopo, hivyo naiomba Benki Kuu iongeze hili kwenye kanuni za CRB: deni linalopingwa kwa sababu ya wizi lisitumike kumnyima mtu mkopo hadi uchunguzi uishe.