Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Juma hili nataka tuzungumze habari za mnyama ambaye kila mmoja wenu amjua, ambaye pengine sasa hivi amelala mlangoni pako, nawe humwoni kwa kuwa umemzoea mno. Nataka tuzungumze habari za mbwa. Msicheke. Najua ya kuwa kwetu kumwita mtu mbwa ni kumtukana. Walakini mwenye busara hujifunza hata kwa kiumbe aliye chini yake, na wazee wetu hawakuona haya kumtia mbwa katika methali zao.

Nianze na habari niliyosimuliwa na mzee mmoja, mchungaji wa ng'ombe, ambaye kwao ni katika milima ya malisho inayoizunguka Rubaya, nchi ya Masisi. Aijuaye nchi ile ajua ukungu wake wa asubuhi, baridi yake, majani yake mabichi, na jibini inayotengenezwa katika milima hiyo na kwenda kuuzwa Goma. Ajua pia mashimo ya koltani, ambamo vijana huingia na sururu na beleshi kutafuta riziki. Na mvua ikizidi, udongo huporomoka ukawafunika.

Mzee huyu alikuwa na mbwa, jina lake Simba. Alikuwa mbwa wa kawaida tu, mwenye rangi ya udongo na masikio yaliyosimama. Siku moja alinaswa katika mtego wa waya, na mguu wake mmoja wa mbele ukaharibika hata ukakatika. Jirani wakamwambia mzee: "Mwue tu, hana kazi tena." Mzee akajibu: "Nitangoja kwanza." Siku ya nne Simba akainuka, akaanguka. Akainuka tena, akaangukia upande mwingine. Lakini jeraha lilipopona alikuwa akiwafuata ng'ombe mlimani kama zamani, ila kwa mwendo mpya: mguu wa mbele uliobaki aliuweka katikati ya kifua, na shingo akaitumia kama mtu atumiavyo fimbo.

Mwishoni mwa Aprili 2024 vita vilifika Rubaya, na mji ukaingia mikononi mwa M23. Mzee na jamaa yake wakakimbia kwa miguu kuelekea Sake na Goma, pamoja na maelfu ya watu wengine, naye Simba akichechemea nyuma yao. Wakakaa kambini chini ya turubai. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma penyewe, kambi zile zikavunjwa, nao wakarudi kwao. Wakakuta ng'ombe hawapo. Mabati ya nyumba pia hayapo.

Hapo mwana wa kwanza wa mzee akaenda mashimoni ili nyumba ipate chakula. Wakati wa mvua shimo likaporomoka. Yeye alitolewa mzima. Rafiki yake, waliyecheza pamoja tangu utoto, hakutoka. Kwa muda wa majuma matatu kijana akakaa katika pembe ya nyumba, hasemi, wala hali ila kidogo.

Mzee akaniambia: "Nilitaka kumwonya, lakini maneno yalinishinda. Mtu aliyetoka kumzika rafiki yake hahitaji hotuba." Basi asubuhi moja akamwambia tu: "Mwanangu, Simba hajanywa maji, na mimi magoti yananiuma. Umpeleke kijitoni."

Kijana akaondoka kwa ajili ya heshima, si kwa hamu. Njia ilikuwa matope matupu. Simba akateleza, akaanguka kifua chini. Akainuka, akasimama kidogo, akaiacha njia ya mkato, akazungukia upande wa majani ambapo kucha zake zaweza kushika. Akafika majini, akanywa. Kijana akamtazama. Kesho yake hakungoja kutumwa. Juma la pili akachukua jembe, akaanza kulima kipande cha viazi nyuma ya nyumba. "Bado analia," mzee akasema, "usiku namsikia. Lakini sasa analia na huku analima."

Ndugu msomaji, maneno hayo ya mwisho yashike. Ndiyo maana ya somo letu la leo.

Twajifunza nini basi? Fundisho la kwanza ni hili: mbwa hahesabu mguu uliopotea, ahesabu iliyobaki. Sisi wanadamu tukipata hasara hukaa tukiitazama ile nafasi tupu. Mwenye shamba hutazama lililonyang'anywa, mwanafunzi hutazama mwaka wa masomo uliopotea kwa sababu ya vita. Na kweli hasara ni hasara, wala Simba hakuota mguu mwingine. Lakini kila asubuhi aliuliza swali moja tu kwa mwili wake: Kwa mitatu hii, nitafikaje majini? Nawe mwanafunzi uliyekatiwa masomo, jiulize: Kwa daftari hili moja, na kwa saa hii moja kabla jua halijatua, naweza kujifunza nini? Swali dogo lina jibu. Lile kubwa, "Kwa nini mimi?", mara nyingi halina jibu leo.

Fundisho la pili twalipata kwa mbwa wengine wa nchi yetu hii ya Kivu. Mbuga ya Virunga, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, iliwekwa mwaka 1925. Katika mwaka 2011 mbuga hiyo ilianzisha kikosi cha mbwa wanusaji, kwa msaada wa mganga wa wanyama kutoka Uswisi, Daktari Marlene Zähner. Askari wa mbuga ndio waliofundishwa kuwalea na kuwaongoza. Mbwa hao wana masikio marefu yaning'iniayo na ngozi ya uso yenye makunjo. Wabelgiji na Wafaransa huwaita mbwa wa Mtakatifu Huberti, kwa kuwa watawa wa abasia ya jina hilo, katika misitu ya Ubelgiji, waliwafuga tangu zamani sana. Kazi yao ni kufuata nyayo za majangili wauao tembo, na pia kuwatafuta watu waliopotea.

Tazama jinsi mbwa huyo atendavyo kazi. Hunusishwa kitu kilichoguswa na mtu, akaishika harufu yake, akaifuata kati ya harufu mia nyingine. Je, akiipoteza kwa sababu ya upepo au ya kijito? Halali chini, wala hakimbii ovyo huku na huku. Hurudi mahali alipoipata mara ya mwisho, akazunguka hapo pole pole, mpaka aipate tena. Kisha huendelea.

Hii ni hekima kubwa. Mambo yako yakichafuka, usikimbie ovyo. Usiuze shamba kwa hasira, wala usikope fedha kwa mtu usiyemjua ili kulipa deni la mwingine, wala usitafute faraja katika pombe. Rudi mahali ulipokuwa na hakika mara ya mwisho. Labda ni kwa mjomba aliyekushauri vema, labda ni kwa fundi aliyekufundisha kushona, labda ni kwa mke wako, ambaye ulikuwa ukizungumza naye kila jioni kabla matatizo hayajaanza. Zunguka hapo kwa utaratibu, na njia itaonekana.

Hapa nasikia msomaji mmoja akinung'unika: "Mwandishi, wewe wasema kwa urahisi. Mbwa hana deni, hana watoto wa kulipia shule, hana kumbukumbu ya mambo tuliyoyaona." Umenena kweli, ndugu yangu, wala sitaki kukudanganya. Sisi si mbwa. Sisi twakumbuka, na yafaa tukumbuke. Tena, kuwa na moyo wa matumaini si kucheka wakati wa msiba, wala si kuita uovu wema. Mwangalie mbwa mwenyewe: mwivi akija usiku, je, humtikisia mkia? La! Hubweka hata kijiji kizima kiamke. Basi mtu anyang'anywaye haki yake na aseme, tena aseme kwa sauti, mbele ya wazee na mbele ya wenye mamlaka. Matumaini hayamfungi mtu kinywa. Kinachompoteza mtu ni kukata tamaa, maana aliyekata tamaa habweki tena wala hatafuti.

Lakini wako pia mbwa wasiobweka. Katika misitu ya Kongo wako wale ambao Wazungu huwaita basenji. Hao hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele shingoni, ili wakiwa porini wajulikane walipo. Nafikiri katika kila nyumba yetu mna mtu wa namna hii, mwenye uchungu asiyelia. Aweza kuwa mama aliyepoteza mtoto na bado anapika kila siku, au msichana aliyepatwa na jambo asiloweza kulisema. Tusiseme: "Amenyamaza, basi yu mzima." Tumfunge kengele ya upendo: tumwulize hali yake, tukae karibu naye, tumjue alipo.

Hili lanipeleka kwenye fundisho la tatu, na ni Maandiko yenyewe yanayotupatia. Mwakumbuka kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti alikuwa mhamishwa katika nchi ya kigeni, alikuwa akiwazika wafu waliotupwa, kisha akawa maskini na kipofu. Alimtuma mwanawe Tobia safari ya mbali kwenda kuchukua fedha aliyoiweka kwa mtu, naye malaika Rafaeli akamwongoza bila kujulikana. Katika safari hiyo kulikuwa na mwenzao wa tatu: mbwa. Maandiko yamtaja alipoondoka pamoja nao, yakamtaja tena wakati wa kurudi. Hatusomi kwamba alimwuma adui, wala kwamba aligundua hazina. Alikwenda nao, akarudi nao, basi.

Mara nyingi tunaogopa kumwendea jirani mwenye taabu kwa sababu hatuna cha kumpa wala hatujui la kusema. Mbwa wa Tobia hakuwa na cha kutoa. Alitembea nao tu. Hata mzee wetu wa Masisi hakuwa na fedha ya kumpa mwanawe, wala maneno. Alikuwa na mbwa mwenye kiu, na hiyo ilitosha kumtoa kijana nje ya nyumba.

Kabla sijamaliza, neno kwa wenye kufuga mbwa, maana si haki kuchukua masomo kwa mwalimu na kumlipa mapigo. Mpe mbwa wako maji na chakula, usimpige ovyo, na mpeleke achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ni wa kuogopwa, maana dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Mtoto akiumwa na mbwa, osheni jeraha mara hiyo hiyo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, halafu mkimbilie kwa mganga wa hospitali apate sindano za chanjo bila kuchelewa, hata kama jeraha ni dogo. Msiseme, "Tutumaini hatadhurika." Matumaini ya kweli huinuka yakaenda hospitalini. Yale yanayokaa kitini yakingoja ni uvivu uliovaa nguo nzuri.

Wazee wa pwani wana methali isemayo: Mbwa hafi maji akiona ufuko. Wanaisema maana wamemwona mara nyingi mbwa aliyeangukia majini. Hashindani na mawimbi, wala hayatukani. Huinua kichwa juu, akautazama ufuko, akapiga maji kwa miguu yake, kidogo, kidogo tena. Kama akiuona ufuko, atafika. Msomaji mpenzi, huenda ufuko wako ni mbali. Huenda ni nyumba yenye bati tena, au cheti cha shule, au siku ambayo utapita barabara ya Sake bila hofu. Inua kichwa upate kuuona. Na kama umezama hata huuoni, mwambie aliye karibu nawe akuonyeshe ulipo.

Nilipoagana na yule mzee nilimwuliza habari za Simba. Akaniambia ya kuwa amezeeka, manyoya ya uso yamekuwa meupe, na sasa matelemko humshinda. "Basi nani ampelekea maji?" nikauliza. Mzee akatabasamu. "Kijana wangu," akasema. "Kila asubuhi humletea katika bakuli kabla hajakwenda shambani. Mwaka huu viazi vimekubali."