Simu bila umeme ni mzigo tu

Mtu aliyekimbia vita anajua maana ya kubeba. Anabeba mtoto mgongoni, sufuria, bidoni, na simu mfukoni.

Mwaka 1981, huko Marekani, Adam Osborne alitoa kompyuta ya Osborne 1, ya kwanza ya kubebwa kununuliwa na watu wengi. Ilifungwa kama sanduku lenye mshikio. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu. Bei yake ilikuwa dola 1,795, pamoja na programu za kuandika na za hesabu. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1983, lakini wengine walifuata njia hiyo.

Ila haikuwa na betri ndani. Ukiifikisha mahali pasipo na umeme, umechoka bure.

Leo simu zetu ni nyepesi na zina nguvu kuliko sanduku lile, lakini shida ni ileile. Katika kambi ya wahami, simu iliyozimika haipokei sauti ya ndugu aliyebaki Komanda au Gety, wala pesa aliyotuma, wala habari za njia iliyo salama.

Maoni yangu ni haya: wanaopanga misaada wahesabu mahali pa kuchaji simu kwa nguvu ya jua, bila malipo, pamoja na maji na vyoo. Kwa aliyeacha nyumba yake, simu si anasa. Ndiyo inamwambia nani bado yuko hai.