Ile Nyota Nyekundu Kwenye Fomu

Wiki kadhaa sijaandika, wasomaji wangu mnisamehe. Nilikuwa Msambweni nikitengeneza programu ndogo ya chama cha akina mama, na kazi niliyodhani ni ya siku mbili ikanila wiki tatu. Leo nieleze kwa nini, maana kosa lilikuwa langu, na nadhani wengi wetu tunaotunga programu tunalifanya.

Programu yenyewe si ya ajabu. Wanachama wanachanga kila wiki, wanakopeshana, mwisho wa mwaka wanagawana faida, na mweka hazina anaandika yote kwenye daftari. Walitaka hesabu ziwe kwenye simu pia. Nikatengeneza fomu: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho. Kando ya kitambulisho nikaweka ile nyota nyekundu mnayoijua, usipojaza huendi mbele. Tena nikaiambia hifadhidata kwamba namba hiyo ndiyo itakayomtofautisha mtu na mtu. Chuoni tulifundishwa hivyo.

Kisha nikachukua kumbukumbu za M-Pesa za chama, nikaziingiza zote, kila mchango ukaenda kwa mwenye laini. Programu haikulalamika hata kidogo. Nikafurahi.

Mweka hazina akaangalia simu, akaangalia daftari lake, akasema, "Mwanangu, huyu umempa pesa za mwenzake."

Kweli. Mama mmoja alionekana amechanga mara mbili ya wenzake, na jirani yake alionekana kama aliyejiunga 2017 tu. Kwenye daftari, huyo jirani yupo tangu 2013, na kando ya jina lake pameandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba pesa yake inapita simu ya fulani. Jirani huyo ni Mmakonde. Miaka hiyo hakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho husajili laini kwa jina lako. Daftari la shilingi hamsini lilijua. Programu yangu yenye shahada haikujua.

Kwa wasioifahamu habari hii: Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huku pwani, na wengine walikuja baadaye wakikimbia vita. Walioa, walizaa, walizikana hapa Kwale, pale Makongeni na kwingineko. Kenya ikapata uhuru 1963 na wao wakabaki hawana nchi. Mtoto alisoma na wenzake, akifika umri wa kitambulisho mlango unafungwa. Kazi rasmi hakuna, akaunti ya benki hakuna, kura hakuna. Na M-Pesa ilipoanza Machi 2007, sisi tukiisifu kwamba imemfikia kila mtu, wao waliitumia kwa jina la jirani.

Kilichovunja hali hiyo ni miguu. Oktoba 2016 walianza safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakiwa pamoja na mashirika ya haki za binadamu, mpaka wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta. Akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Mapema 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani ilibidi wangoje hadi 2023.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza namaliza sekondari, nikaiona habari ile kwenye televisheni, nikaisahau. Ndipo sasa ninapojiuliza: watu wametembea namna ile ili waingie kwenye hesabu, halafu mimi, kijana wa hukuhuku kusini mwa pwani, nawatoa tena kwa mstari mmoja wa msimbo? Wala sikuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Si mimi peke yangu. Huduma Namba ilipoletwa 2019, Wanubi wa Kenya walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba asiye na karatasi leo ataachwa nje kabisa kesho. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango usiendelee mpaka uwe na sheria ya kutosha. Wapo wenzangu waliowaona wapinga maendeleo. Nami nilikuwa mmoja wao, nikiri tu.

Najua mtaniambia, bila kitambulisho wezi watajaa. Benki sawa, sheria inaidai. Lakini chama cha watu thelathini wanaojuana tangu utotoni? Wao wana njia yao: mgeni haingii mpaka wanachama wawili wamdhamini, na akikimbia na mkopo, wadhamini wanalipa. Nimeona mifumo ya gharama kubwa isiyo na ulinzi wa maana kama huo.

Basi nimebomoa. Sasa programu inampa kila mwanachama namba yake ya chama, hata kama hana karatasi yoyote. Kitambulisho ni hiari. Laini ya simu ni kitu cha pembeni, inaweza kubeba pesa za watu wawili, na kila mchango una mwenyewe na aliyeutuma. Wadhamini wawili ndio wenye nyota nyekundu. Sehemu hiyo hatukuiandika mimi na kompyuta yangu, tuliiandika chini ya mwembe, akina mama wakibishana kwa Kidigo na Kiswahili, mimi nikifuta na kuandika upya. Yule mama Mmakonde alisoma michango yake ya 2013 hadi 2016 kwa sauti, mmoja mmoja, akilinganisha na daftari. Miwili nilikuwa nimeiruka.

Jumamosi narudi tena. Kuna bibi wa ukoo wa Kipemba ambaye kitambulisho chake hakijatoka, tutaanza naye. Mweka hazina amesema programu ni nzuri, ila daftari halitupi.