Kelele za Ziwa, Masikio ya Pwani

Mpenzi wa mashairi wa pwani akisema jambo ni kelele, amekwisha kulihukumu wala hapokei rufaa. Hukumu hiyo nimeisikia juu ya Kaloli, albamu ya mwaka 2020 ya kundi la Nihiloxica la Kampala. Humo ngoma za Buganda hupigwa kwa mikono, huku mitambo ya umeme ikikoroma na kukwaruza mithili ya kiwanda. Waungwana wa baraza waliisikiliza dakika mbili, wakatoa kauli: ngoma imeharibiwa. Nasema hukumu hiyo ni batili, na ushahidi wangu nautoa ufuo wa pili wa ziwa lilo hilo, Mwanza.

Usukumani ngoma ni chombo cha kazi. Vikundi vya wakulima vililima kwa mdundo, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na katika jasho hilo ikazaliwa bugobogobo, ambayo hata leo huchezwa jembe likiwa mkononi. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kinene cha mwaka 2010. Na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, mahasimu tangu karne ya 19, havikushindana kwa sauti laini. Aliyeuvuta umati mkubwa zaidi ndiye aliyeshinda, na umati hauvutwi kwa kunong'ona.

Kazi ya ziwani leo ina injini za mitumbwi, mitambo ya kuchambua pamba na viwanda vya minofu ya sangara. Anayestaajabu mashine kuingia ngomani, na astaajabu kwanza jembe liliingiaje.

Hata jina la albamu lina hoja. Kaloli kwa Kiganda ni yule korongo mkubwa mwenye upara, alaye mabaki jalalani. Aliyefika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, amemwona akingojea matumbo ya samaki. Mshairi wetu angechagua tausi au njiwa. Hawa wamemchagua ndege anayeishi nao kweli, na sauti ya albamu inalingana naye.

Sisi wa pwani tuna deni katika jambo hili. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilo. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabingwa wa vina na mizani walimwambia maneno haya haya: hili si shairi. Aliaga dunia mwaka 2020, mwaka ule ule wa Kaloli, na hakuna mwanafunzi wa fasihi yetu anayeweza kumruka. Tulikosea mara moja kwa kupima kwa kipimo kimoja tu. Kwa nini turudie? Tusisahau pia kwamba Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, na ni mashine ya santuri iliyotuhifadhia sauti yake. Fidla na akodiani za taarabu nazo zilikuja na wageni. Leo tunaziita zetu, na ni zetu kweli.

Lipo lalamiko moja la haki, nami silifichi. Wanaoendesha mitambo ya Nihiloxica ni Waingereza wawili, na albamu ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Kundi lenyewe lilitoa Source of Denial mwaka 2023 kuushambulia mfumo wa viza: sauti ya ngoma huvuka mipaka, lakini mpigaji huzuiwa mlangoni. Hapo ndipo penye hatari. Ngoma haifi kwa kuchanganywa na mashine. Hufa pale wenye ngoma wanapokosa kuwa wenye mashine.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa Mwanza. Pale Bujora, Kisesa, katika makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, ngoma za watemi zimehifadhiwa kwa heshima. Heshima hiyo haitoshi ikiwa mtalii ndiye msikilizaji mkuu. Vijana wapewe studio, wazee wawafundishe midundo, wapige kwa injini zao na kwa majina yao. Watakapotuletea walichokitengeneza, wapenzi wa beti, tuwape walau adabu tuwapayo malenga wetu: tusikilize mpaka mwisho, ndipo tuseme.