Walarasi Muuaji na Neno "Huenda"

Walarasi ni mnyama wa bahari za baridi kaskazini mwa dunia, jamaa ya sili, mwenye meno mawili marefu yanayoshuka mdomoni kama pembe za ndovu. Hula hasa chaza na viumbe wengine wa sakafu ya bahari. Zamani za kale walikuwapo walarasi wa aina nyingi, na wengi hawakuwa na pembe hizo. Mmoja wao tunataka kumtetea hapa, maana hana wakili: Pelagiarctos, jina lenye asili ya Kigiriki, yaani dubu wa bahari kuu.

Mwaka 1988 Lawrence Barnes, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, alimpa jina hilo kutokana na vipande vya taya na meno kutoka Sharktooth Hill, karibu na Bakersfield, California. Hapo pamejaa mifupa ya wanyama wa bahari walioishi takriban miaka milioni 15 iliyopita. Meno yalikuwa manene, yenye ncha, na pande mbili za taya zilikuwa zimeungana kidevuni kuwa mfupa mmoja. Tena mabaki yake yalikuwa haba, na wanyama wawindaji kwa kawaida huwa wachache kuliko wawindwao. Barnes akapendekeza kwamba huenda aliwala ndege na mamalia wenzake wa baharini.

Pendekezo ni pendekezo. Lakini lilipopita midomoni mwa watu, "huenda" likaanguka njiani, likabaki jina la kutisha: walarasi muuaji.

Mwaka 2013 Robert Boessenecker na Morgan Churchill walichapisha uchunguzi wa taya lililo kamili zaidi, kutoka Orange County, California hiyohiyo. Wakakadiria uzito wa mnyama kuwa kilo 350 hivi, kama simba-bahari dume mkubwa wa leo. Wakalinganisha meno. Kumbe walarasi wengine wa kale nao walikuwa na meno manene, na simba-bahari wa leo, ambao mara mojamoja hukamata ndege au sili, hawana meno ya pekee kwa kazi hiyo. Wakaona kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alikula samaki, pamoja na kingine chochote alichokikuta.

Mwanafunzi wa falsafa hapa anaitambua hoja ya zamani. Jino huonyesha uwezo, na uwezo si tendo. Aristotle mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu viungo vya wanyama, alieleza kwamba meno ni ya kulia chakula, lakini kwa wanyama wengine ni ya kupigania pia. Shahidi mwenye maana mbili hawezi peke yake kumtia mtu hatiani, sembuse mnyama.

Wako watakaosema Barnes aliteleza. Sisi hatukubali. Alionyesha mifupa, akataja sababu zake moja baada ya nyingine, na kwa kufanya hivyo akawapa waliomfuata njia ya kumpima. Lawama yetu ni kwa wasimulizi, wale wanaochukua hitimisho na kuacha sababu. Na hapa seminarini jambo hili linatugusa, kwa kuwa wengi wetu tutasimama mimbarini, na visa vya sayansi ni vitamu sana katika mahubiri. Muumini aliyeketi kwenye benchi hana namna ya kujua kwamba tumelipunguza neno moja. Siku kijana wake wa sekondari atakaposoma kwamba mambo si hivyo, hatamhoji Barnes. Atatuhoji sisi, pengine na mengine yote tuliyohubiri.

Hata Boessenecker na Churchill walikuwa na taya na meno tu mbele yao. Fuvu zima likichimbuliwa, huenda nao watarekebishwa.