Jozi Moja, Dini Mbili

Mama mmoja wa Bodo ameuliza: mwanawe amepangwa jozi moja na kijana asiyekuwa Muislamu katika michezo ya shule, je, amkataze?

Septemba 2010, mjini New York, fainali ya tenisi ya wanaume wawili wawili iliwakutanisha pacha wa Kimarekani, Bob na Mike Bryan, na jozi iliyowashangaza wengi: Aisam-ul-Haq Qureshi, Muislamu wa Pakistan, na Rohan Bopanna wa India. Nchi zao zimepigana vita tangu 1947. Katika mchezo huo, mmoja huanzisha mpira kutoka nyuma, naye mwenziwe husimama karibu na wavu akiwa amempa kisogo, mpira ukipita kwa kasi kando ya kichwa chake. Asiyemuamini mwenziwe hawezi kusimama pale.

Walishindwa, seti zote mbili 7-6. Lakini mabalozi wa nchi hizo mbili katika Umoja wa Mataifa walikaa pamoja kuwatazama, na Aisam aliposhika kipaza sauti aliwaambia Wamarekani kuwa watu wa kwao wanadhaniwa vibaya, nao ni wapenda amani. Uwanja ukampigia makofi. (Mawaidha mangapi yetu husikilizwa hivyo na wasiokuwa Waislamu?)

Mama, mruhusu, madhali hapitwi na swala wala havunji stara. Isome pamoja naye Suratul Hujurat, aya ya 13. Na huyo mwenziwe mkaribishe nyumbani, ale wali kwa samaki. Wallahu aalam.